Seti ya Mwisho Aliyovaa Rajabu

Mutakura, Bujumbura
Jumapili mchana

Mdogo wangu mpenzi Esperansi,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Uvira. Mguu wa mama unaendeleaje? Uvimbe umepungua tangu aanze kulala na mto chini ya kisigino? Na wanafunzi wako, bado wanakumaliza sauti? Mimi ni mzima. Kazi pale depo ya Zone Industrielle inaendelea, ingawa malori yanakuja kwa shida kwa sababu mafuta hayapatikani, na siku nyingine tunakaa tu juu ya magunia ya saruji tukingoja. Chumba changu hakivuji tena, mwenye nyumba alibadilisha mabati.

Barua hii nimempa Mama Neema, jirani yangu anayevuka mpaka wa Gatumba na vitenge vyake vya kuuza. Nimemwomba akupe mkononi, nyumbani, si shuleni. Kama uko shuleni unaposoma hapa, ikunje. Uendelee kuisoma ukifika nyumbani, ukae karibu na mama.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Rajabu haonekani tena kwenye mchezo, na kila mara nimekujibu kwamba tutaongea. Sikuweza kukuandikia kwenye simu. Ujumbe wa simu mtu anausoma amesimama dukani anangoja chenji. Espe, Rajabu amefariki. Alifariki Ijumaa moja asubuhi, hospitalini, na tulimzika siku hiyo hiyo baada ya swala. Pole, mdogo wangu. Pole sana.

Pumzika kidogo hapa kabla ya kuendelea.

Najua utamsomea mama, kwa hiyo mengine nayaandika ili yeye naye aelewe, asidhani tulikuwa tunalilia kitu cha kitoto. Mama, katika mchezo wetu wa simu watu wanaungana kupigana na madubwana, na kila mmoja ana kazi yake. Mimi ninashika ngao na kusimama mbele ili dubwana linipige mimi. Espe anatuponya. Rajabu alikuwa mpiga upinde. Kazi yake ilikuwa kumuumiza adui, na maumivu hayo sisi tunayaita dega. Nguvu ya mtu inatoka kwenye vitu alivyovaa: kofia, koti, glavu, viatu, mkufu, pete mbili. Vikiwa vya seti moja vinamwongezea kitu fulani, vikiwa vya seti nyingine vinamwongezea kingine. Ndiyo maana watu wanashindana kutwa nzima kuhusu nguo za mtu asiyekuwepo.

Nilikutana na Rajabu huku Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma cha baba yake mdogo. Nilikuwa nimepeleka mkokoteni wa depo, ekseli imekatika. Wakati nangoja nikamwona amekaa pembeni anapiga tupa bawaba za mlango, na simu yake imeegemea kopo la rangi, mchezo wetu uko wazi.

"We unatumia seti gani?" akaniuliza, nilipomwambia na mimi nacheza. Wakati huo na mimi nilikuwa mpiga upinde.

"Seti ya Radi. Kritiki yangu iko juu sana."

Akacheka. "Radi ni kelele, ndugu yangu. Inapiga pigo moja kubwa, mutu anashangilia, halafu mapigo yanayofuata ni ya kitoto. Chukua dega ya pigano zima, seti ya Mto inakushinda."

"Apana."

"Twende kwa sanamu."

Tukaenda kwenye ile sanamu ya mbao ya mazoezi, yeye na seti ya Mto, mimi na ya Radi. Mto hauongezi kritiki, yaani lile pigo kubwa linalotoka kwa bahati, hata kidogo. Unaongeza nguvu ya kila mshale na kasi ya kuvuta upinde. Namba zangu zilikuwa zinaruka juu kama moto wa kuchomelea, zake zilikuwa ndogo, zinafuatana bila kukatika. Tulipomaliza, jumla yake ilikuwa imeipita yangu mbali. Mkokoteni ulikuwa umeshakuwa tayari na mimi bado nabisha. Mwishowe nilikubali, na ndipo nilipochukua ngao nikamwachia yeye upinde.

Siku ile niliona kitu ambacho sikukielewa. Kila palipokuwa na chuma kizito, wenzake walikinyanyua bila yeye kuomba. Nikadhani ni heshima ya mtoto wa mwenye kibanda. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Hilo hakukuambia, Espe, na mimi nilichelewa kulijua.

Yaliyofuata unayajua. Nilikuita ujiunge nasi, na baada ya muda mkawa mnabaki wawili mkiongea kwa sauti humo mchezoni hata mimi nikishatoka. Nilijifanya sioni. Yeye ndiye aliyeniambia waziwazi, siku moja tunakunywa chai mbele ya kibanda. "Kaka, mi nataka kuja Uvira kumsalimia mama yenu. Najua mi ni Mwislamu na nyinyi munasali kanisani. Lakini nataka mama anione kwanza, halafu akatae akiwa ameniona."

Nilimwambia mama yetu hamkatai mtu anayemwamkia kwa adabu. Alifurahi mpaka akamwaga chai.

Kisha likaja lile joka la chumvi. Mama, hilo ni dubwana ambalo likikaribia kufa linajifunika na kuanza kujiponya, na usipolimaliza haraka, kazi yote inarudi mwanzo. Lilitushinda mara nyingi. Watu wote wa kundi wakamwambia Rajabu aache Mto, avae Radi kamili. Yeye hakukasirika wala hakufuata. Alikaa na zile seti mbili kama fundi aliye na vyuma viwili na mlango mmoja. Mto ulikuwa unamfikisha mwisho vizuri, lakini pale mwisho haukuwa na pigo la kuvunja. Radi ilikuwa na pigo hilo, lakini njiani ilimchelewesha, na kritiki ikigoma kutoka hana kitu. Akajaribu vipande vitatu kwa vitatu, ikawa mbaya kuliko zote, kwa sababu seti ikikosa vipande vyake haitoi ile nguvu yake kubwa. Mwishowe akabaki na vinne vya Mto na viwili vya Radi. Kritiki ikawa bado pungufu kidogo, na ili aijaze akavua kile kitu cha saba, pete ya uhai iliyokuwa inamlinda, akavaa ya kritiki.

Ulivyomfokea siku ile! "Rajabu, joka likikugusa tu umekufa! Vaa hata kipande kimoja cha uhai!"

Naye akajibu na kundi zima linasikia: "Uhai wangu unao wewe, Espe. Mi nipige tu."

Tuliliua Jumapili ile mchana. Ulipiga kelele mpaka nikasikia mama anauliza nyumba inaungua au nini. Sisi wawili tulikuwa kibandani. Rajabu aliweka simu chini taratibu, akashika kifua, akawa anacheka na kutafuta pumzi kwa pamoja. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikataka kuita watu, akanishika mkono.

"Tulia. Inapita." Kisha akasema, "Usimwambie Espe."

"Kwa nini?"

"Akijua, atanionea huruma. Mi nataka anifokee vilevile anavyonifokea."

Haikupita. Siku zilizofuata miguu yake ilivimba, hakuweza kulala bila kuegemea ukuta, na ndugu zake wakampeleka hospitali. Nilikuwa nakwenda nikitoka depo, na nguo zangu zimejaa vumbi la saruji, mama yake ananifuta kwa ncha ya kitenge chake kabla sijaingia. Daktari alisema moyo umechoka, na kwamba matibabu yaliyotakiwa hayakuwepo pale. Rajabu mwenyewe alikuwa anaongea mambo ya mchezo, kwa sauti ya chini, akipumzika kati ya neno na neno. Aliniomba nijaribu viatu vya Radi na glavu za Mto, badala ya alivyokuwa amevaa, nimletee jibu. Nilijaribu. Dega ilishuka. Nilipomwambia akatabasamu: "Basi tuache ilivyokuwa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyozungumza. Ijumaa nilipigiwa simu nikiwa juu ya lori. Sikumbuki nilivyoshuka. Wazee wa Buyenzi walinipa nafasi ya kushika jeneza mimi nisiye wa dini yao, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani.

Sasa jambo ambalo limenifanya niandike. Juma lililopita uliniambia umemwona Rajabu ameingia mchezoni, ukamwandikia, akakaa kimya, kisha akatoka. Uliniuliza amekukosea nini, au wewe umemkosea nini. Espe, hakuwa yeye. Ilikuwa simu yake mikononi mwa mama yake.

Aliniita nyumbani kwao baada ya watu wa matanga kupungua. Alikuwa amekaa mkekani, simu iko mapajani. "Mwanangu," akaniambia, "huyu mtoto wangu alikuwa anacheka na hiki kitu hata siku zile mbaya. Nifungulie nione alikuwa anacheka nini."

Nikaufungua. Rajabu akatokea, amesimama pale darajani kundi letu linapokutana, upinde mgongoni. Mama yake akasogeza uso karibu.

"Ni yeye huyu?"

"Ni yeye, mama."

"Hizi nguo alizichagua mwenyewe?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, za Mto na za Radi, na kwa nini alizichanganya. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Akauliza ipi ni ya kumlinda. Nikasema hakuna, aliivua. Akawa anapitisha kidole juu ya kioo, na yule mpiga upinde anageuka kila anapoguswa.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Ulikuja mbio, ukasimama mbele yake, na maneno yako yakatokea: *Rajabu! Hatimaye! Ulikuwa wapi?*

Mama yake hajui kusoma vizuri. Akaniuliza pameandikwa nini, nikamsomea. Akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mdogo wangu, yuko Uvira, na Rajabu alikuwa anataka kuja kusalimia kwetu. Hakulijua hilo. Machozi yalimtoka, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Bado hajui?"

"Hajui, mama."

Ukaandika tena: *Mbona hujibu?* Kidole changu kilikuwa juu ya herufi, sijui hata nilitaka kuandika nini. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Apana, mwanangu. Usimjibu kwa jina la mtoto wangu. Atadhani yuko hai mpaka amalize kusoma. Mwandikie kwa jina lako."

Basi nimeandika kwa jina langu.

Amesema pia kwamba kwenye arobaini atasoma hitima, na anataka uwepo, ukae chumba cha ndani na dada zake Rajabu. Nilimwambia huenda mama akasita. Akajibu: "Mwambie mama yake ni mimi ninayemwomba. Simjui binti yake, lakini tumelia mutu mmoja." Ukikubali, Mama Neema atavuka na wewe, na mimi nitakuwa upande huu wa Gatumba nakungoja. Usipoweza, hakuna atakayekulaumu.

Mama namwamkia kwa mikono miwili, na naomba asikuache ulale peke yako siku hizi. Mjomba fundi viatu nisalimie, na shangazi wa kwaya, na mke wa kaka yetu mkubwa pamoja na mtoto aliyemzaa juzi, ambaye bado sijamwona. Mwalimu mkuu wako mwombe ruhusa ya siku chache. Mwambie umefiwa, na akikuuliza na nani, umjibu bila aibu.

Ni mimi yaya wako, kaka yako anayelia pamoja nawe,

Bahati