Ile Nyumba ya Nasike

Soweto West, Kibera
Jumapili

Ndugu yangu Maurice,

Nasike amekufa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nikimchemshia chai. Presha. Tumemzika Ijumaa, makaburi ya Lang'ata, si nyumbani. Nimeanza na hiyo ndio usisome salamu ukidhani mambo iko sawa.

Sasa salamu. Uko aje? Miguu je, na masikio? Bibi yako na watoto? Mahindi imetoa maua? Mimi mwili ni mzima. Ningepiga simu, lakini ungempa jirani akusikilizie, na hii maneno si ya jirani. Ambrose wa hapo kwetu anakuja huko kesho, nimempa barua. Soma ukiwa peke yako.

Nasike bibi yangu unamjua kidogo tu. Alikuja huko mara moja, tukizika mama. Tukirudi akasema mwanamke hawezi kuwa mgeni kwake mwenyewe, nijenge. Mimi ni fundi wa mawe, nikasema nitajenga. Wewe ukafyatua matofali, ukaniita nikuje tuchome. Sikukuja. Mvua ikayayeyusha. Nilikuwa nimechoka. Mtu akijengea watu Kawangware mwezi mzima hataki kuona mwiko tena.

Lakini yeye nilimwambia nimejenga. Ile mwezi nilikuwa kazi Thika, nikasema nilikuwa huko kwako. Vyumba tatu, sakafu nyekundu, mlango inaangalia ile mparachichi. Kila nyumba nilijenga hapa nilitoa kitu moja nikaweka kwa hiyo yake. Dirisha ya Kawangware, baraza ya mtaa wa Olympic. Akauliza dirisha ni saizi gani. Nikampa saizi. Akashona mapazia manne, ya kijani.

Majirani walimwita Mama Ploti, ati analala kwa mabati na ana nyumba ya mawe. Alikuwa anacheka, anawaambia wangoje Disemba wataona picha. Disemba ikifika nasema kazi. Ingine nasema barabara imekatika. Miaka tisa. Watoto Mungu hakutupa, unajua, kwa hivyo yeye alikuwa anafagia hiyo nyumba kwa mdomo tu. Akianza kuumwa aliomba kitu moja, azikwe mbele ya mlango wake. Nikasema sawa.

Akakufa. Jael, mkubwa wa akina mama wa kanisa, akaja na wenzake. Walikuwa wameshapanga basi, ati wanampeleka Mama Ploti kwake na mapazia watatundika wenyewe. Ningewapeleka wapi? Kwa nyasi? Najua desturi. Ningekuambia, ungesimamisha kibanda ya miti na mabati siku moja, mwili ipokelewe kwa nyumba yake. Ungefanya hiyo bila kuniuliza swali. Lakini Jael amesikia sakafu nyekundu miaka tisa.

Sasa hii ndio imefanya niandike. Nilisimama hapo nje wakiniona, nikaweka simu kwa sikio. Hakukuwa na mtu. Nikagombana na wewe. Nikapiga kelele, Maurice, huyu ni bibi yangu, utamkatazaje kulala kwake? Nikarudi nikawaambia umechukua nyumba na shamba, umefunga boma, umesema tusikanyage. Jael akalia. Akasema kuna watu wamezaliwa na jiwe mahali pa roho. Wakakuombea hapo hapo, kwa jina, Mungu akulainishe. Mimi nikasema amina na wao.

Wewe, mtu ulinifyatulia matofali.

Mtu wa huku akikutusi, ujue imetoka kwangu. Sijawaambia ukweli. Sidhani nitawaambia.

Wazee wakitaka kuzika mgomba badala yake, wakataze. Mgomba ni ya mtu mwili haikuonekana. Yeye yuko, namba ya kaburi ninayo. Na usijenge kitu hapo kwa mparachichi. Lima tu, panda mahindi mpaka kwa ua.

Mapazia nilitaka kuweka hapa kwangu. Nikakumbuka hii chumba haina dirisha. Nimempa Ambrose. Bibi yako akate atakavyo, afungie hata mbegu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Kujibu usijibu haraka, na ukikasirika ni haki yako.

Kesho narudi mjengo. Tunaweka madirisha.

Ni mimi ndugu yako,
Khamala