Sayansi kwenye Shuka Nyeupe

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeamka alfajiri tena kushusha video. Asubuhi mtandao una nafuu. Jua likipanda, mji mzima wa Rumonge uko kwenye simu na kile kiduara kinazunguka tu. Leo figo, dakika kumi na mbili. Akaunti ni ya binamu yangu wa Kigoma. Humo mna masomo ya sayansi ya kila aina, kwa Kiswahili safi, damu unaiona ikipita kwenye mishipa. Projekta nimeazima kwa mpiga video wa harusi. Shuka ni yangu.

Watoto wangu wa darasa la tisa, majitu ya miaka kumi na tano mpaka kumi na saba, wametulia saa nzima. Haijawahi kutokea. Mwisho nikauliza figo zinafanya kazi gani. Akanyoosha mkono Zuhura.

Zuhura! Miaka miwili hajafungua mdomo darasani kwangu. Alizaliwa na kusoma kambi ya wakimbizi, Tanzania, mpaka familia iliporudi huku Burundi. Kifaransa hakimwingii. Wenzake wanamwita Mutanzania. Leo kaeleza figo mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama, na yule kijana mkorofi wa dawati la nyuma akapiga makofi. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 8 Mei

Mapafu. Mkuu wa shule kaja kuchungulia. Kakuta wanabishana, wanacheka, wanauliza. Akanivuta pembeni.

"Madamu, hii mambo ya video iko muzuri. Lakini egzameni iko mu Kifaransa."

Nikamjibu najua, mtihani ni wa Kifaransa. Na kweli najua, nafundisha mwaka wa kumi na moja huu. Waelewe kwanza. Maneno ya Kifaransa nitawapa wiki ijayo. Yule bwana anapenda mno kuingilia kazi za watu.

Ijumaa, 16 Mei

Moyo. Zuhura kauchora ubaoni, vyumba vyote vinne, mishale ya damu na kila kitu. Nikamwambia mbele ya wote: wewe andika kile unachokielewa, usiogope mtu. Kaketi akitabasamu.

Kifaransa sijaanza. Nikigeukia ubao tu wananuna, wanadai video. Na niseme ukweli, hapa hanioni mtu: napenda wanavyonipenda siku hizi.

Mama yake Zuhura kanisimamisha sokoni, kwenye meza yake ya ndagala, dagaa wa huku. Ana wasiwasi. Binti alishindwa mtihani wa taifa mwaka jana, akarudia darasa. Shule hairuhusu mtu kurudia darasa mara mbili. Akishindwa safari hii, basi, anakwenda Nyanza-Lac kwa shangazi yake kuanika samaki. Nikamwambia atulie, mtoto atafaulu. Nilisema kama vile mimi ndiye ninayesahihisha.

Jumanne, 27 Mei

Siku ya sita hakuna umeme. Badala ya kushika chaki, nimehangaika mjini kutafuta jenereta. Ikapatikana. Petroli haikupatikana. Siku zimekwisha hivyo, kijinga kabisa.

Leo ndipo nimeandika Kifaransa ubaoni. Maneno ishirini na manne kwa saa moja. Walinakili kama wanaadhibiwa. Zuhura hakuwepo, ana homa. Nitampelekea daftari langu.

Jumatano, 11 Juni

Mtihani wa sayansi. Nilisubiri getini na walimu wenzangu. Zuhura katoka anakimbia.

"Madamu! Nimejaza kurasa zote! Figo, moyo, vyote vimetoka! Michoro ni ileile!"

Nikamkumbatia. Akasema ameeleza kama nilivyomwambia, vile anavyoelewa. Nikamuuliza ameandika kwa lugha gani.

"Kiswahili, Madamu. Kifaransa hakikuja. Si ulisema niandike ninachokielewa? Na wanaosahihisha si wanakijua?"

Wanakijua. Hapa nani asiyekijua? Nikamwambia amefanya vizuri, aende akale. Daftari langu bado liko nyumbani, mezani. Sikulipeleka.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda ofisi ya elimu. Karani kanisikiliza huku anapiga mihuri. Karatasi zimeshapelekwa Bujumbura, na jibu lisilo la Kifaransa halisomwi. Hakunigombeza. Nilikwenda pale kusema kosa ni langu. Nilichosema ni "kuna mwanafunzi mmoja". Mwoga mimi.

Jumatatu, 14 Julai

Matokeo yamebandikwa. Zuhura, sayansi: sifuri. Si mbili, si moja. Kurasa zote zile. Sifuri hiyo imemwangusha mtihani mzima.

Wengine wamefaulu, wengi kuliko mwaka jana. Wale walikuwa na Kifaransa chao tangu utotoni, video ziliwasaidia tu. Yeye ndiye hakuwa na kitu kingine. Mkuu kanipongeza mbele ya walimu. Anataka shule nzima ifundishwe kwa video mwakani. Wakanipigia makofi. Nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kikaoni.

Zuhura alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu. Alipita karibu nami akanisalimia kwa adabu kama kawaida.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi kaja Mama Zuhura, na ndagala kwenye kifuko. Binti kaondoka juzi na basi dogo, yuko Nyanza-Lac. Shangazi amempokea vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Mama kakaa, kanywa chai, kasifu mkate. Kisha akasema:

"Usijisumbue moyo, Madamu. Kaniambia mwenyewe. Ulimfundisha yote, na Kifaransa pia ulimpa. Yeye ndiye aliyezembea. Nimemgombeza sana."

Nikamwongezea chai.

Akanieleza kwamba mtoto hajawahi kuipenda shule kama mwaka huu. Akanishukuru, murakoze, mara mbili, amenishika mikono. Nilimsindikiza mpaka barabarani, tukasimama hadi alipopata baiskeli ya kumrudisha sokoni.