Nyota ya Magongo ya Baba Anselmo

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Anselmo Pangilinan, tangu uliposema unajinyoosha kidogo tu, ukaiacha nyota ya Krismasi mezani ikiwa mifupa mitupu, bila karatasi. Ulikuwa na mtindo wa kuacha kazi nusu ili upate sababu ya kurudi mezani. Safari hii tulikungoja sana.

Mchana ulifua mashuka ya hospitali, jioni ukageuka fundi wa taa za nyota. Kwenu Pampanga, ng'ambo ya bahari, nyota huundwa kwa mianzi. Hapa Winnipeg, kwenye baridi, mianzi utaitoa wapi? Ukawa unaokota magongo ya hoki yaliyovunjika nje ya uwanja wa barafu, majirani wakidhani unakusanya kuni. Ikifika Disemba, walisimama kwenye theluji kutazama dirisha letu. Mtu akikuuliza nyota ile ina maana gani, ulimwuliza kama ameshakula.

Kufundisha kwa maneno hukupenda. Uliinua nyusi, ukachongoa mdomo kuelekea unachotaka, basi. Mkweo Taras, mzaliwa wa huku huku, siku ya kwanza ulimchongolea mdomo upande wa mkasi. Akatafakari, akainama, akakupa shavu. Ukalibusu kweli, kisha ukaufuata mkasi mwenyewe. Mama Leonila alicheka mpaka wali ukaungua.

Mama hakutaka mtu aiguse nyota yako kabla yeye hajavua nguo nyeusi za msiba. Jumapili, baada ya misa ya mwaka, alivaa gauni lake la maua, akaiweka mbele ya Rowena, binti yako wa pekee. Rowena akasema hawezi. Hukumwachia hata neno moja la mafunzo, na akiiharibu, basi nyota za kwetu zimeishia kwako.

"Nani amekuuliza kama unaweza?" Mama akamwambia. "Kaa, mwanangu. Gundi inakauka."

Akakaa. Pembe ya kwanza ilikunjamana kama uso wako ukiamshwa mapema. Akaibandua karatasi, akaanza upya. Ya pili ikakubali. Kwenye ya tatu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika karatasi. Aliinua nyusi, akachongoa mdomo kuelekea mkasi, na Taras akampa bila kuuliza.

Mama akaacha kukoroga mchuzi.

"Selmo," akasema, akimtazama Rowena, "umechelewa. Chakula kinapoa."

Akakupakulia sahani, akaiweka mahali pako. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Nyota sasa iko dirishani, inawaka. Pembe moja imepinda kidogo, nasi tunajua ungeichongolea mdomo.

Unakumbukwa na mkeo Leonila, anayekusema bado kwa habari ya soksi zako. Binti yako Rowena na mkweo Taras. Mjukuu wako Ligaya. Dada yako Perpetua huko Pampanga. Na wenzako wote wa chumba cha kufulia.

Daima tutakukumbuka. Umeshakula, Baba?