Moshi Wangu, Jina la Mbwana

Jumatatu, 4 Agosti
Maramba na kurudi, kama kawaida. Nazi kwenda, machungwa kuja. Vumbi mpaka kwenye meno. Gari limeanza kumisi kwenye kilima. Linavuta, linasita, linavuta, kama mzee anayepanda ngazi huku akisimulia. Nyuma moshi mweusi. Watoto wa chuo cha Kurani wameziba pua, kisha wakanipungia mkono kwa adabu. Bora wangenitukana.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefungua plagi. Zote nne nyeusi, masizi makavu. Ama petroli nyingi na hewa kidogo, ama petroli mbovu. Choki, kile kifuniko cha kubana hewa, haijakwama. Nikazisafisha, gari likaenda vizuri mpaka msikitini, likaanza tena.

Sikusomea ufundi. Nimejifunza kwa kutazama wenzangu, na hapa Moa wanaamini nikilisikiliza gari nimeshajua ugonjwa wake. Ndiyo balaa yenyewe. Kijiweni, kahawa mkononi, wakaniuliza lina nini. Kusema sijui sikuweza. Nikasema mafuta ya chupa haya, mtu kachanganya na mafuta ya taa. Jina sikutaja. Wala halikuhitajika. Anayeuza petroli ya chupa kwenye barabara yetu ni mmoja: Mbwana, kaka wa mke wangu.

Jumatano, 6 Agosti
Mbwana kaja mwenyewe kijiweni na chupa. Kanimiminia kiganjani mbele ya wote.

"Haya shemeji, daktari wa magari. Sugua."

Nikasugua. Ikakauka papo hapo, ikaacha ubaridi tu. Ingekuwa na mafuta ya taa, mkono ungebaki na utelezi. Kila mtu kauona ulivyo mkavu. Nikasema labda ilikuwa chupa nyingine. Mzee Athumani, mkongwe wa kijiwe, kainamia kikombe chake. Nimejichukia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimejua.

Nilitaka kuitazama kabureta, nikatoa chujio la hewa, nikawasha bila chujio. Injini ikatulia. Moshi hakuna. Nikarudisha chujio: moshi. Nikatoa: safi. Nikarudia na kurudia, kama mtu aliyekataliwa posa anayeuliza kama wamesikia vizuri jina lake.

Chujio lile nililipaka mafuta ya nazi kwa mkono wangu, wiki iliyopita. Niliwaona bodaboda wakiosha sponji ya chujio na kuipaka oili ili inase vumbi. Nikajiona mjanja: oili ya nini, na nazi ninayo? Ila chujio langu si sponji. Ni karatasi. Imekunywa mafuta, vumbi la Maramba likakandika humo, ikawa andazi. Injini haipati pumzi, inabugia petroli tu.

Nimelificha nyuma ya banda la kuku.

Ijumaa, 8 Agosti
Tanga mjini. Chujio jipya. Gari linakwenda kama jipya, na mimi ndani yake kama mwizi.

Baada ya swala wakaniuliza, "Yale mafuta umeyamwaga?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikusema uongo, kichwa ndicho kilichosema. Ndivyo ninavyojifariji.

Bodaboda wawili wameipita meza ya Mbwana bila kusimama. Chupa zimejaa, zinapigwa jua. Watoto wake wanakula kwa chupa hizo. Nalijua hilo, na nimenyamaza.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi mke wangu Mwanaidi kauliza nani kamaliza mafuta yake ya nazi ya kupaka nywele. Nikasema sijui.

Jioni kanitengea sinia. Wali, samaki, na pembeni, chujio. Linanukia nazi kuliko wali. Kakaa ananitazama nikitafuna. Nilipomaliza ndipo akasema:

"Kaka yangu leo kauza chupa moja. Kwa mgeni aliyetoka Horohoro. Hakuwahi kuyasikia maneno yako."

Usiku wa manane sasa, usingizi haujaja. Nastahili.

Jumapili, 10 Agosti
Kuomba radhi nyumbani kwa mtu ni rahisi. Unapiga hodi, unapewa maji, yamekwisha. Lakini heshima ya mtu huokotwa pale ilipoangushwa. Nikaenda kijiweni na chujio mkononi, nikawaambia yote, mpaka habari za mafuta ya nywele ya mke wangu. Walicheka hata Mzee Athumani akamwaga kahawa. Alisema lile chujio litiwe bizari, tulile.

Mbwana, aliyekaa nao, hakucheka.

"Radhi nimekupa, shemeji. Ila jina langu ulilichafua wewe. Lisafishe wewe."

Nimekaa mezani kwake mpaka Magharibi, nasimamisha bodaboda mmoja mmoja na kuwaeleza kwamba kosa lilikuwa langu. Baadhi wamenunua. Mmoja kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniomba nimsimulie tena, mwenzake hakusikia. Nikasimulia. Masikio yalikuwa yanawaka.

Jumatatu, 11 Agosti
Asubuhi nimesimama kwa Mbwana, watu wakiwapo. Kafungua chupa, kainusa, kaniletea puani nami ninuse.

"Nikutilie na nazi kidogo?"

Nikacheka. Yeye naye, kidogo.

Maramba. Kilima kimepandwa bila kusita. Watoto wa chuoni hawakuziba pua. Nimewapungia mimi.

Kurudi jioni, bado chupa nyingi mezani kwake. Nimepunguza mwendo nilipofika hapo. Nimepita polepole ili watu waone: moshi hakuna.