Pandisha Jezi

Jumatano, 5 Februari

Mazoezi ya nyimbo nyuma ya mashine yangu ya kusaga tena. Ngoma kubwa imepasuka ngozi. Vijana wanaipiga kama wanatwanga mpunga. Tangu Bundala aache kuja hatuna mpiga ngoma, tuna wapiga kelele. Koo linauma. Mke wangu, Mama Neema, kanipa maji ya tangawizi, kasema ningenguruma hivi kanisani kwaya isingetafuta mtu.

Jumamosi wanakuja wale wa Dar. Tiketi zimeisha. Mji mzima ghafla unapenda mpira. Mechi za kawaida tuko wachache, tunanyeshewa, tunaimba. Hawa wengine huwa wako wapi? Krismasi. Ndiyo tunavyowaita, kama wale wanaokuja kanisani mara moja kwa mwaka, wamevaa vizuri, na wanataka benchi la mbele.

Ijumaa, 7 Februari

Kikao cha tawi letu la mashabiki. Msimu uliopita wale wa Dar walipofunga, nusu ya jukwaa letu walivua jezi yetu, ndani wamevaa ya wageni. Wakatuimbia tuko kwetu. Nililia siku ile. Sikumwambia mtu.

Leo nimetoa wazo. Mwanaume anayetaka kukaa upande wetu wa kuimba apandishe jezi, tuone ndani kuna nini. Wamepiga makofi. Doto, katibu wetu, kauliza, "Na akikataa?" Nikamwambia anayekataa ndiye tunayemtafuta. Wamecheka. Nimejisikia mkubwa, sikatai.

Mama Neema kasema ushamba. Mtu kalipa kiingilio chake akae anavyotaka, hata akilala. Nikamwambia uwanja siyo sebule.

Jumamosi, 8 Februari

Sare. Moja moja. Redio imesema hakuna jukwaa lililowaka kama letu msimu huu. Sauti imekata kabisa. Sijala. Nimesema nimechoka.

Sitaandika zaidi leo.

Jumapili, 9 Februari

Nimeenda kanisani, sikukomunika. Niandike tu. Nisipoandika nitaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Bundala alikuja jana.

Tulikuwa tunakaa naye bega kwa bega, yeye ngoma, mimi filimbi. Halafu akaenda kuchimba kule Segese na akapotea. Hakupiga simu. Watu wakasema kapata dhahabu, kajenga, hataki tena watu wa mashine ya kusaga. Niliamini. Ilinifaa kuamini, maana nilikuwa nimemkasirikia.

Jana nikamwona kasimama pembeni, karibu na njia ya kutokea. Jezi yetu mpya, kubwa kuliko mwili wake. Amekonda. Haimbi. Nikasema moyoni, huyu naye kawa Krismasi. Tena yeye!

Nikamfuata na filimbi yangu. Nikamwambia mzee, karibu, pandisha. Akacheka kidogo, kasema, "Maganga, leo niache. Nimekuja kuangalia tu."

Kuangalia tu. Hilo neno lilinichoma. Nikamwambia kama huna kitu unaogopa nini. Akashika jezi kwa mkono, kaibana tumboni, kama anavyofanya mtu mwenye kitu. Vijana wakaanza: Pandisha! Pandisha! Jukwaa zima likadaka. Na mimi nikavuta. Siyo vijana. Mimi.

Alikuwa na mfuko. Mfuko wa choo, umebandikwa tumboni, pale madaktari walipomtoboa. Nilipovuta ukabanduka. Ukamwagika.

Watu wakarudi nyuma. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, huyu kajinyea!" Wakacheka. Bundala alishika ule mfuko kwa mikono miwili, akaondoka kainama.

Mimi je? Nilipuliza filimbi nikaanzisha wimbo ili watu waangalie kwingine. Wakaitikia kwa nguvu zote. Ile ndiyo kelele iliyosifiwa redioni.

Jumanne, 11 Februari

Kuna video. Imeletwa kwenye grupu la tawi. Sura yangu inaonekana vizuri, nimekenua meno. Nimeifuta, ilishasambaa.

Nimesoma wanavyobishana. Mmoja: angesema mapema kuwa anaumwa. Mwingine: mgonjwa uwanjani anafuata nini? Mwingine: ndiyo maana mimi siku hizi naangalia kwenye banda, mmegeuza mpira kuwa jeshi. Huyo katukanwa mpaka kajitoa. Doto kaandika, "Tusamehe, ni bahati mbaya."

Haikuwa bahati mbaya. Aliniambia niache. Kiswahili anakijua, na mimi nakijua.

Nimepiga simu yake ya zamani. Haipo.

Alhamisi, 13 Februari

Nimefunga mashine, nimeenda Isaka. Nimeulizia mpaka nikaambiwa yuko kwa dada yake, Mama Shija, anayewauzia chai madereva wa malori. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka. Akaendelea kuosha vikombe.

Nilisimama pale mpaka madereva wakaanza kuniangalia. Ndipo akanieleza, bila kunitazama.

Duara, lile shimo la kuchimbia, lilibomoka, Bundala yuko chini. Gogo la kushikilia ukuta likampiga tumboni. Utumbo ukachanika. Wenzake walimtoa, wakampeleka Mwanza, akapasuliwa. Dhahabu hakuna. Tangu siku hiyo kakaa ndani, mlango umefungwa, kwa sababu ya harufu na kwa sababu mfuko unatoa sauti wenyewe bila kumuuliza mtu.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende uwanjani," kasema Mama Shija. "Alikataa. Nikamwambia wale ni watu wako. Nikamnunulia jezi kubwa ifiche."

Kisha akanieleza lililo baya zaidi. Mwisho wa mwezi huu anatakiwa hospitali Mwanza wamrudishie utumbo, mfuko utolewe. Siku kapangiwa. Akiikosa anarudi nyuma ya foleni, na daktari kasema akikawia zaidi huenda isiwezekane tena. Alikuwa amekubali. Sasa hataki. Hapandi basi. Hakai tena katikati ya watu.

Nikaomba nimwone. Kasema, "Ukamwone nini kingine? Hujamaliza?"

Nimerudi. Sikumbuki njia.

Jumapili, 16 Februari

Nimeungama. Padri kanipa sala, kasema pia nikamwombe radhi mwenyewe. Sala nimezimaliza kabla sijafika nyumbani. Imekuwa rahisi mno, siiamini.

Jioni kikao. Nikawaambia ukaguzi uishe, filimbi nairudisha. Doto kasema, "Kaka, umeumia, tunaelewa. Lakini jukwaa bila utaratibu, wale wa Dar wakirudi wanatuimbia tena." Nikamwambia waimbe. Kijana mmoja kasema, "Baba Neema, ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba anayekuja mara moja siyo mwenzetu."

Kweli nilifundisha. Kwa sauti, tena kwa filimbi.

Nikajaribu kuwaeleza. Kuna anayekuja mara moja kwa sababu yuko shifti mgodini. Kuna anayeuguza. Kuna ambaye hiyo mara moja kaitafuta mwaka mzima. Na kuna ambaye hapendi tu kuimba, na hilo nalo siyo kosa. Doto akauliza, "Sasa tutajuaje nani ni nani?" Nikasema hatutajua. Hawakupenda. Wamepiga kura. Ukaguzi unabaki. Filimbi kachukua Doto.

Jumatano, 19 Februari

Isaka tena. Safari hii Mama Shija kaniacha nipite. Nafikiri alichoka kuniona.

Bundala hakufungua mlango. Tuliongea yeye ndani, mimi nimekaa kwenye ndoo ya rangi ukumbini. Nikamwambia nimekosa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakaishia hapo.

Halafu nikaharibu. Nikamwambia mechi ijayo nitashika kipaza sauti, nisimame katikati ya uwanja, niwaambie watu wote kosa langu, nikutaje jina, nikusafishe.

Akasema, "Maganga, unataka watu wakuangalie wewe unavyojuta. Na wakimaliza kukuangalia wewe watakumbuka nini? Tumbo langu."

Niliinuka kwenye ndoo, nikakaa tena.

"Nimeshaangaliwa. Inatosha. Usinitaje."

Nikamuuliza hospitali je. Kasema kwenye basi hapandi. Nikasema nitakusindikiza, nitakaa kiti cha jirani. Hapo akacheka, cheko baya. "Wewe? Mimi nikae na wewe mpaka Mwanza?" Akaniambia niende, mchana anabadilisha mfuko, hataki mtu ukumbini.

Ana haki. Njiani nimegundua kitu kibaya: ile hotuba ya uwanjani niliitamani. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama.

Jumamosi, 22 Februari

Juma kaja kupakia pumba. Ananunua kwangu, anapeleka Mwanza kwa wafuga kuku. Kwake ni Isaka, huwa anapakia hapa, analala kwake, asubuhi anaondoka. Kwenye kibanda cha lori yuko peke yake. Anavuta sigara na lori lake linanuka pumba na dizeli. Hakuna atakayesikia harufu nyingine humo.

Nikamuuliza anaweza kubeba mgonjwa wiki ijayo. Kasema, "Mgonjwa wa nini?" Nikasema mgonjwa tu, usimuulize. Juma kanitazama. Video kaiona, bila shaka. Hakuitaja. Kasema sawa.

Nimempigia Mama Shija. Baadaye kanipigia yeye. Bundala kakubali, ila lori lisisimame popote hapa Shinyanga, na mimi nisiwepo barabarani. Asinione hata mgongo.

Nimesema ndiyo kwa yote.

Jumapili, 23 Februari

Mechi na timu ndogo. Nimeenda, nimekaa upande wa pili, kule tulikokuwa tunakuita msibani. Watu wako kimya. Mzee mmoja jirani yangu ana redio sikioni, anasikiliza mechi ileile anayoiangalia. Mwingine kaja na mke wake, wanakula mahindi ya kuchoma. Beki wetu akikosea wanaguna, basi. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Nilidhani nitapumzika. Sikupumzika. Upande ule mwingine nilisikia filimbi, halafu sauti za vijana: Pandisha! Pandisha! Mchezo ulikuwa hata haujaanza. Wageni wenyewe hawana mashabiki hapa mjini, wanamkagua nani? Mzee wa redio kasema, "Hao watoto hawana adabu, nani kawafundisha?" Sikumjibu. Nilipaswa kumjibu.

Tumefungwa. Nimetoka mapema, kama Krismasi.

Jumanne, 25 Februari

Juma kapakia jioni. Nilisafisha kibanda cha lori mwenyewe. Nimeweka shuka safi kwenye kiti, dumu la maji, sabuni. Baadaye nikaiondoa shuka, ilikuwa yetu, anaweza kuitambua. Mama Neema akatafuta nyingine mpya.

Bado anaweza kubadili mawazo. Mama Shija kasema leo kutwa hakula. Siwezi kufanya kingine. Hilo ndilo gumu, mimi mtu wa kupiga kelele.

Jumatano, 26 Februari

Nimewasha mashine alfajiri. Hakuna mteja. Barabara ya Mwanza iko mbele yetu na niliahidi, kwa hiyo nikamwaga mahindi yetu ya nyumbani, nikasaga, mgongo mlangoni. Mashine ikiwaka husikii gari hata likipita chumbani.

Mama Neema alikaa nje anapepeta.

Jua likapanda. Nikawaza kashuka. Nikawaza hakupanda kabisa. Sikugeuka.

Baadaye mkono ukanigusa bega. Mama Neema, vumbi la unga mpaka kwenye nyusi. Kaniambia sikioni limepita.

Yumo?

Yumo. Kakaa dirishani, kioo kashusha.

Kaangalia huku?

Akatikisa kichwa. Hapana.

Mahindi yalikuwa yamebaki nusu gunia. Nikamalizia kusaga.