Mama Aliyefufuka Hombolo

Dodoma, Jumanne, Agosti 1993

Na bado nitamwandikia tena Profesa wa chuo kikuu. Kanijibu kwamba tamthilia ninayoichunguza, ile maarufu, ina mwisho mmoja tu, uliochapishwa: mama anafia jukwaani. Nisimsumbue na porojo za vijijini.

Porojo. Leo Bibi Mbeleje, aliyeigiza mama huyo zamani kijijini Hombolo, kanirudia maneno yaleyale: "Watu waligoma kuondoka, mwanangu. Ikabidi nifufuke." Anasema mwandishi wa tamthilia mwenyewe alikuwepo, akapiga makofi.

Mke wangu anasema tangu nipunguzwe kazini ningefungua genge kama wenzangu. Huenda anasema kweli, na hilo linanitisha.

Lakini Bibi anakohoa vibaya, na waigizaji wenzake wote wameshazikwa. Jumamosi narudi. Ameahidi kuniigizia upya: atakufa, halafu atainuka.