Aliigiza Mlevi Sinemani, Sasa Wakwe Wamerudisha Ng'ombe

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma, maana mimi si mtu wa kulia kwenye magazeti, nilichonacho nimekitafuta kwa mikono yangu, lakini hapa nimekwama.

Mwaka wa 1949 nilikuwa karani wa ghala la mahindi hapa Kitale, nikanunua mashine kuukuu ya sinema kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na wateja wangu wa kwanza walikuwa wawili tu, fundi cherehani na muuza baiskeli, nikiwachorea matangazo yao kwenye vioo na kuyaonyesha ukutani. Leo ni 1956, nina kamera yangu, magari mawili, wafanyakazi sita, wafanyabiashara kumi na wanne wanaotangaza kwangu na masoko kumi na tisa, toka mashamba ya upande wa Ndalu mpaka Sirisia, na bado watu wananiuliza, "Gari hili ni la serikali?" nami nawajibu si la serikali wala si la kampuni ya Nairobi, ni langu, picha tunapiga wenyewe na mnaowaona ndani ni watu wa hapa hapa.

Fundi wangu wa jenereta ni kijana anayeitwa Wepukhulu, ana miaka ishirini na sita, hajawahi kuonja pombe, na kanisani anaimba. Mwaka jana muuza chai mmoja alitaka tangazo la dakika nne: mtu anatoka kilabuni amelewa, anaanguka mlangoni kwake mbele ya mkewe, halafu siku nyingine anakunywa chai, anavaa shati safi na kwenda kazini. Nilijaribu watu watatu, wote wakaanguka kama magunia, mpaka Wepukhulu akasema, "Mzee, acha nijaribu." Alianguka mara moja tu na kamera ikapata yote. Mimi mwenyewe nilishtuka. Nikamuuliza kwa mzaha, "We kijana, hiyo umejifunzia wapi?" Akapangusa vumbi, akaniambia polepole, "Nilikuwa ninaenda kumwokota baba." Baba yake ni marehemu Wanjala, na kumbe ndiyo sababu kijana aliapa hatagusa pombe. Aliniomba yabaki kati yetu.

Tangazo hilo ndilo lililokuza biashara yetu. Muuza chai ameandika mkataba wa miaka miwili, na gari la pili nililinunua kwa sababu yake. Sasa picha zetu hazina sauti, mimi ndiye nasimama na kipaza sauti nikieleza. Jioni moja pale Sirisia watu walikuwa wamepoa, kama mia nne hivi, hakuna anayecheka, ndipo yeye alipoanguka nikasema, "Haya, tazameni Wepukhulu wa Wanjala, pombe imemlaza!" Soko lote likapasuka kwa kicheko, na kesho yake chai iliisha madukani. Basi nikaendelea hivyo hivyo masoko kumi na moja, umati ni ule ule. Baada ya soko la tatu alikuja kwangu akasema, "Mzee, jina liache." Nikamwambia si ni mchezo tu, bana, kila mtu anajua. Akarudi kwenye jenereta yake.

Soko la kumi na moja lilikuwa Matulo. Wepukhulu ni mchumba wa Rispah, binti wa Mzee Nyongesa wa huko Matulo, mzee wa kanisa, na ng'ombe wawili walikuwa wameshapelekwa. Shangazi ya Rispah, Mama Nakhungu, alikuwa sokoni. Siku ya tatu ng'ombe wote wawili wakarudishwa mchana kweupe, wakapitishwa katikati ya soko lile lile.

Nikaenda kwa Mzee Nyongesa kumweleza kwamba ni sinema. Mama Nakhungu akadakia, "Ati sinema! Na jina la baba yake pia ni la sinema?" Mzee akamnyamazisha kwa mkono, akaniambia, "Ndugu, mimi si mshamba. Najua mtu wa sinema anaweza kufa leo na kesho akala ugali. Lakini kuanguka kule hakuna aliyemfundisha. Magoti yanalegea kwanza, mkono unatafuta ukuta ambao haupo. Mimi pombe niliacha mwaka wa thelathini na nne. Najua." Jibu ninalo, lakini nimekatazwa kulitoa. Akaongeza kwamba mwisho wa mwezi huu atawapa ruhusa watu wengine wanaomtaka Rispah waje nyumbani kwake.

Nimemwambia Wepukhulu mara tatu, niache niwaeleze habari za baba yako, kila kitu kitaisha siku hiyo hiyo. Hataki. Anasema, "Baba nilimbeba akiwa hai, sasa nimwanike akiwa kaburini?" Mke wangu Edah anasema nichome filamu, lakini nikiichoma muuza chai ataondoka, na gari la pili litaondoka naye, na wafanyakazi wawili pia. Na Wepukhulu haji tena kazini. Mshauri, mimi nilimlipa, sikumlazimisha, nilitangaza chai tu. Je, nichome, au niende Matulo niseme ukweli hata kama amekataa, kwa faida yake mwenyewe?

Mimi Mwenye Gari la Sinema, Kitale

JIBU

Bwana Mwenye Sinema,

Kwanza ujue kwamba majina yote katika barua yako nimeyabadilisha, masoko pia, na hata bidhaa mliyokuwa mkitangaza haikuwa chai. Wewe uliniandikia yote kwa wino, jina la kijana, jina la baba yake, na siri aliyokuomba itunzwe. Mimi hunijui. Umefanya kwa kalamu kile kile ulichofanya kwa kipaza sauti.

Nakupa pole kwa jasho lako. Kutoka vioo viwili mpaka masoko kumi na tisa si mchezo, na najua uchungu wa kuona kitu ulichokijenga kinatikisika. Lakini kosa halikuwa la filamu. Kama ungemwita yule mlevi "Bwana Fulani", ng'ombe wangekuwa Matulo mpaka leo. Ulimpa mlevi wa sinema jina la mtu hai anayetembea, tena ukamuunganisha na marehemu ambaye ulijua vizuri alikuwa nani. Hapo hukuwa unatangaza bidhaa. Na kijana alikuja mwenyewe akakuambia uache, nawe ukamrudisha kwenye jenereta. Unapenda hesabu, na barua yako imehesabu magari, wafanyakazi na wateja. Sasa chukua masoko kumi na moja, zidisha kwa watu mia nne, uniambie ni wangapi wanaomjua mtu huyu kwa jina na kwa ulevi.

Habari za baba yake si zako. Usizipeleke Matulo, usimdokeze mtu yeyote, hata "kwa faida yake". Una ukweli wako mwenyewe, na huo hujausema bado.

Fanya hivi. Leo hii filamu iweke sandukuni. Usiichome, lakini isitoke mpaka Wepukhulu mwenyewe aseme itoke. Mwendee muuza bidhaa, mwambie utampigia tangazo jingine kwa gharama yako, na akikataa, uza gari la pili. Uliishi miaka mingi bila hilo gari. Kisha nenda kwa Wepukhulu, umwombe msamaha kwa ajili ya jina la baba yake kabla hujaomba kwa ajili ya lake, na usimuulize kama atarudi kazini. Akikubali jina lake litajwe tena, pita masoko yote kumi na moja, na kabla ya picha yoyote useme kwa kipaza sauti kwamba kijana aliigiza tu katika tangazo lako, wewe ndiye uliyeongeza jina, na mtu huyu hanywi.

Lakini kabla ya masoko hayo nenda kwanza Matulo, mwezi usije ukaisha. Nenda na Edah, maana Mama Nakhungu atataka kuzungumza na mwanamke mwenzake. Gari liache Kitale. Mwambie Mzee Nyongesa, mbele ya dada yake, yale uliyoyafanya wewe, yote, pamoja na siku ile ulipoombwa uache ukakataa. Atakuuliza tena kijana alijifunzia wapi kuanguka namna ile. Mjibu, "Mzee, hilo nalijua, lakini si langu. Muulize mwenyewe, akitaka atakwambia." Mtu aliyeacha pombe mwaka wa thelathini na nne naye ana watu waliowahi kumwokota. Muache afikiri. Nawe unywe utakachokaribishwa, uage, uondoke, na usiongeze neno hata moja.